Mgeni wa Mwanza anayependa miche: anza na bustani, kitalu kiwe cha mwisho

Swali limetoka kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Dodoma. Mwezi wa 6 anakuja Mwanza kwa mwanawe anayeishi Buswelu, atakaa wiki mbili. Anaandika: "Nikisafiri, wenzangu hutafuta vitenge, mimi hutafuta miche. Mwanza siijui. Niende wapi kuona bustani na vitalu, niulize nini nikifika, na nibebe nini kwenye basi bila kuharibu?"

Shikamoo mama, na karibu sana Mwanza.

Kwanza nakuomba kitu kimoja: wiki ya kwanza usinunue mche hata mmoja. Tembea kwenye bustani na mashamba ya watu, uangalie miti iliyokwisha kukua, ndipo uende kitaluni ukiwa unajua unachokitaka. Miche miwili ya embe ndani ya viriba, vile vifuko vya kuoteshea, inafanana kabisa. Tofauti yake utaiona miaka mitano baadaye kwenye uwanja wa mtu, mmoja ukiwa umesheheni matunda na mwingine ukitoa majani tu. Mgeni anayeanzia kitaluni huchagua kwa macho na kurudi na kilichokuwa kirefu na kijani siku ile. Anayeanzia bustanini anafika kwa muuzaji na swali linalomfaa: mche huu mama yake ni upi, na yuko wapi?

Wewe una bahati, kwa sababu Mwanza na Dodoma ziko karibu kimo kimoja. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma iko mita 1,100 na ushee. Kinachotofautiana ni maji. Huku tunapata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, zikigawanyika vuli na masika. Kwenu ni kama milimita 570, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Basi kila mmea utakaoupenda huku, jiulize: ungeishi bila mvua kuanzia Mei hadi Novemba? Hiyo itakupunguzia tamaa nyingi.

Anza na miamba. Watu wengi hupiga picha mwamba wa Bismarck wakaondoka, lakini kwa mpenda bustani miamba ya Mwanza ni darasa. Panda taratibu kwenye vilima vyenye nyumba, au zunguka Capri Point asubuhi kabla jua halijawa kali, uangalie watu walipopanda: si juu ya mwamba wala mbali nao, bali pale chini unapoishia, kwenye mfuko wa udongo ulioshikwa kati ya mawe mawili. Mwamba haunywi maji. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mwamba wa mita za mraba 10 inateremsha karibu lita 100, na zote zinaishia kwenye mfuko ule. Ndiyo maana utaona mkuyu mkubwa umesimama mahali ambapo ungedhani hata jani lisingeota. Dodoma nako mna vilima vya mawe ya aina hii. Ukiwa na jiwe kubwa uwanjani kwako, usilipasue kwa kokoto. Panda mti wako chini yake, upande maji yanakoteremkia.

Kisha vuka kwenda Saanane. Boti inaondokea Capri Point na ni dakika chache tu. Kisiwa hiki kilipewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kulima pale. Mwaka 1964 kikawa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wageni huenda kuona swala pala, pimbi na mijusi. Wewe angalia mimea ya asili ya mwambao ikiwa imeachwa ikue inavyotaka, bila panga wala mbuzi. Humo ndani hata mbegu iliyoanguka chini hairuhusiwi kuokotwa, kwa hiyo beba daftari. Na kokote kando ya ziwa, usiingie kwenye maji ya matete ili upige picha ya ua. Kichocho kipo, na kinapatikana hasa kwenye maji hayo yaliyotulia.

Bujora, kule Kisesa, ni makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Wengi hufuata ngoma na historia ya watemi. Nakuomba utenge muda wa nyumba ya mganga, umuulize mwongoza wageni kuhusu miti ya dawa, na njiani uangalie uzio wa minyaa kwenye kaya za Wasukuma. Mnyaa unaota kwa kijiti tu, hauliwi na mifugo na unastahimili ukame wa Dodoma bila shida. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kweli, kwa hiyo kama kwako wanakuja wajukuu wadogo, uache.

Ukipata siku tatu za kutoka mjini, nakushauri usizipeleke kwenye hoteli yenye bustani iliyokatwa kwa mkasi. Nenda Ukerewe, na mwanao akikubali kukusindikiza, vuka mpaka Ukara. Kwa macho yangu hiyo ndiyo bustani bora kuliko zote za ukanda huu, na haina geti wala tiketi. Meli ya Nansio inatoka Mwanza, au unaweza kupita Bunda hadi Kisorya ukavuka kwa kivuko kifupi. Ukerewe yenyewe utaona michungwa, mihogo, na mpunga mabondeni. Ukara unavukia Bugolora.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye mawe mengi, udongo wa kichanga na watu wengi mno kwa eneo lake. Kwa hesabu ya kawaida ardhi ya namna hiyo ingekuwa imechoka zamani. Haikuchoka kwa sababu Wakara walikuwa na utaratibu ambao wataalamu wa kilimo walishangaa nao na kuuandika tangu miaka ya 1930. Ng'ombe walifungwa ndani na kuletewa majani, samadi ikarundikana chini yao, kisha ikabebwa kichwani mpaka shambani. Ndani ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde. Uwele ukishavunwa, marejea yanabaki yakikua, halafu yanafukiwa ardhini yakiwa mabichi yawe mbolea. Walifanya hivyo kabla mtu yeyote hajawaletea semina ya kilimo hai. Ukifika, usimwulize mwenyeji "mnapanda maua gani?" Mwombe akuonyeshe udongo wake, auchote mkononi, akueleze ameulishaje. Wazee wanalipenda sana swali hilo, na utakaa hapo mpaka chai iletwe.

Kuhusu adabu ya kuingia mashambani sina la kukufundisha, mama, ila neno moja la Kisukuma litakufungulia milango huku bara: asubuhi sema "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila". Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usiombe kikonyo, yaani kijitawi cha kubebeshea, kabla hujasikiliza historia ya mti, na kwenye bustani ya hoteli au ya taasisi usikate chochote, hata kama mtunza bustani mwenyewe anakukonyeza. Yeye ndiye atakayeulizwa.

Ukiriguru iko wilaya ya Misungwi, kilomita kama 30 kusini mwa mji. Ni kituo cha utafiti wa kilimo chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mbegu za pamba kama UK91 na UKM08 zilitoka pale, na kazi yao ya muhogo na viazi vitamu ni ya muhimu kwa kanda nzima. Si mahali pa kitalii. Mwanao apeleke maombi mapema, mpangiwe siku na mtu wa kuwapokea.

Bukoba ni mbali kwa ratiba yako, lakini siku ukirudi, panda meli ya usiku ukaone kibanja cha Wahaya: mgomba juu, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa, vyote vikizunguka nyumba. Utakapopewa chipukizi la mgomba kwa upendo, shukuru na uliache hapohapo. Kagera imeteswa na mnyauko wa migomba tangu katikati ya miaka ya 2000. Ugonjwa huo unasafiri ndani ya chipukizi linaloonekana zima na kwenye panga lililokata mgomba mgonjwa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Hauna dawa, mgomba unang'olewa.

Sasa tuje vitaluni.

Majina ya wauza miche wa Mwanza sikupi, kwa sababu wengi wako kwenye hifadhi ya barabara na huhamishwa. Leo yuko hapa, mwezi ujao yuko ng'ambo. Kitalu hufuata maji. Tafuta barabara inapovuka mto au bonde, na maeneo ya kuelekea ziwani, au mwambie bodaboda "nipeleke kwa wauza miche" na atajua. Ofisi za TFS, wakala wa misitu wa serikali, nazo huotesha miche ya miti, na huko bei huwa ya wazi. Usiende alfajiri wakiwa wanamwagilia. Nenda saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, uwakute wametulia.

Mwezi wa 6 una hila yake. Masika yamekwisha, na miche mingi utakayoona ni ile iliyobaki bila kununuliwa. Ipo mirefu, inavutia, na utauziwa kwa bei nzuri. Kabla ya kuuliza bei, shika kiriba chini uinue. Kikikataa kunyanyuka, mzizi umetoboa na kuingia ardhini. Muuzaji atauvuta, mzizi mkuu utakatika, na wewe utabeba mche wa kufa njiani. Mwenye kitalu makini huhamisha viriba vyake mara kwa mara na kukata mizizi inayochungulia, kwa hiyo kiriba chake kinanyanyuka bila ubishi. Kikinyanyuka, geuza uangalie matundu ya chini. Mizizi myeupe michache ni heri. Mizizi ya kahawia iliyojizungusha humo ndani maana yake mche umekaa sana, na ukipandwa utaendelea kujinyonga ardhini.

Kisha udongo. Wengi huchanganya ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyoiva na moja ya mchanga, wengine wakiongeza pumba za mpunga. Huo unabonyea ukiuminya. Lakini ukiuona mweusi, mzito na umepasuka ukajitenga na kiriba pembeni, huo ni udongo wa mbuga. Huku Usukumani udongo hubadilika kadiri unavyoshuka kilima: juu mawe, chini yake kichanga tunachokiita luseni, na bondeni kabisa mbuga nyeusi. Mabadiliko ya namna hii kwenye miteremko ya Afrika Mashariki ndiyo yaliyomfanya Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, atoe miaka ya 1930 nadharia inayofundishwa hadi leo. Kwako maana yake ni hii: mche wa udongo wa mbuga ukipandwa kwenye kichanga chekundu cha Dodoma, maji yatapita pembeni na donge lile litabaki kavu katikati. Ukishaununua, siku ya kuupanda lizamishe donge zima kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe, ndipo uupande.

Kwa miti ya matunda, kiungo ndicho kila kitu. Muuzaji atasema "huu umebebeshwa", yaani kikonyo cha mti mzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, na kukuonyesha mkanda wa nailoni. Mkanda peke yake si ushahidi, maana mtu anaweza kufunga mkanda kwenye mche wa kokwa. Mwombe aufungue, au chungulia pembeni yake: unatakiwa uone kovu la mshazari au la umbo la V, na magamba mawili yenye rangi tofauti kidogo, la shina mama (lile lenye mizizi) chini na la kikonyo juu. Pitisha kidole, utakisikia kile kinundu. Halafu angalia chini ya kiungo. Chipukizi lolote linalotokea hapo ni la shina mama, na kwenye machungwa mara nyingi huwa na miiba mirefu. Lisipoondolewa litaushinda mti uliolipia. Mche wa mlimau wenye tunda ndani ya kiriba usikutie wazimu. Ukiununua, toa tunda lile ili nguvu iende kwenye mizizi.

Mwisho, pindua majani. Nzi weupe wakirukaruka, au vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, kwenye makwapa ya majani, weka chini mche huo na miche jirani yake, hata kama ni mzuri namna gani. Muuzaji akikasirika kwa kuwa unapindua majani, hana unachokihitaji.

Kwa Dodoma mimi ningenunua embe lililobebeshwa, bogenvilia, na mkrismasi kama una nafasi kubwa mbali na ukuta. Maparachichi ya Hass utaonyeshwa kwa shauku kubwa maana soko limewachangamsha wengi, lakini kwa joto na ukame wa kwenu utakuwa mtumwa wa ndoo. Usiyachukue. Machungwa ni sawa kama una maji ya uhakika.

Kuna vitu vitatu nakukataza, na nakukataza kwa upendo. Machipukizi ya migomba nimeshayasema. Pingili za muhogo na marando ya viazi vilevile: magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi kahawia husafiri ndani ya pingili, na shamba la jirani yako ndilo litakalolipa. Cha tatu ni mimea ya majini. Ukifika mwaloni Kirumba, au popote penye ghuba iliyotulia, huenda ukaliona gugumaji limechanua, maua ya zambarau yenye doa la njano, mazuri kweli. Mtu mwenye kidimbwi nyumbani anatamani kuchukua moja tu. Mama, hivyo ndivyo lilivyosambaa duniani. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini, na watu walilibeba kutoka nchi hadi nchi kwa sababu ya ua lile. Ziwa Victoria lilifikiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 ghuba zilikuwa zimezibwa, mitumbwi haitoki, nyavu hazizami, maji ya kunywa yanachotwa kwa kusukuma majani. Nafuu ilikuja baada ya kuachiwa fukusi wadogo wanaolila, ambao asili yao ni kulekule lilikotoka gugu hilo, na mpaka leo halijaisha. Hata kipande cha mzizi usikiweke kwenye kopo.

Kama safari yako ingevuka mpaka, mfano ungependa kuiona bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 upande wa Uganda wa ziwa hilihili, ungehitaji kibali cha kuingiza mimea kabla hujainunua na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakoitoa. Kwa Tanzania wahusika ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ofisa wa mpakani ana haki ya kuichoma mimea isiyo na karatasi. Ndani ya nchi hukutani na hayo, ila uangalifu ni uleule.

Safari ya basi hadi Dodoma ni ya siku nzima. Mwagilia miche siku moja kabla, si asubuhi ya safari, ili udongo uwe na unyevu bila kuvuja. Punguza majani kama theluthi moja kwenye miche yenye majani mapana. Isimamishe ndani ya boksi gumu la katoni ikibanana kiasi isianguke, shina la kila mmoja lizungushiwe gazeti. Mifuko ya plastiki iache, imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na isitoshe mche unapikika humo. Usikubali boksi liwekwe kwenye buti. Joto la kule chini likiungana na mizigo ya watu, miche haitapona. Ongea na kondakta mapema, mlipie kama ni lazima, boksi likae miguuni pako mbali na dirisha. Upepo wa dirishani unakausha majani kuliko jua.

Ukifika, usipande kesho yake. Iweke chini ya mti au kwenye kivuli chepesi, mbali na mimea yako mingine, kwa wiki mbili, ukipindua majani kila baada ya siku mbili tatu. Kidung'ata kilichojificha kitajitokeza ndani ya muda huo. Kisha isogeze juani kidogo kidogo, asubuhi tu kwanza. Na kwa kuwa Julai ya Dodoma ina upepo na baridi kavu, iache kwenye viriba mpaka mvua ya Desemba ishike, ukiihamisha kila wiki tatu ili mizizi isitoboe chini. Bogenvilia peke yake unaweza kuipanda mapema, mradi una ndoo moja ya maji kwa wiki ya kuipa.